Boma la Bagamoyo: nimwambie nini mgeni?

Kijana wa Dunda

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Niko kwenye mafunzo ya kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ngome Kongwe naiweza, Kaole naiweza, Misheni naiweza hata nikiamshwa usiku. Kinachonishinda ni Boma. Kila anayenifundisha ana maneno yake. Mmoja anasema hapa ndipo alipokaa Gavana wa Kijerumani wakati Bagamoyo ni makao makuu. Wa pili anaonyesha ghorofani na kusema Emin Pasha, yule Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ikweta huko Sudan ya kusini, alianguka kutoka pale. Wa tatu, na huyu ndiye anayepata bakshishi nono, anawasimamisha wageni mbele ya chumba cha chini na kuwaambia watumwa walifungwa minyororo humo wakingoja majahazi ya kwenda Unguja. Wageni wanatoa leso, yeye anatoa kofia.

Mimi mwaka wa kujengwa ninaoujua ni 1897, na nikijaribu kuzipanga hadithi hizo na mwaka huo, hazikai.

Halafu kuna jengo lenyewe. Juzi mama mmoja mhandisi aliniuliza mbona lipu imebanduka chini yote, usawa wa kiuno, na juu imeshika vizuri. Nikamwambia ni uzee. Akanitazama tu. Nimechoka kusema "jengo la Kijerumani la mawe ya matumbawe" kisha nageuka kwenda kituo kingine. Naombeni historia ya kweli, na mnifundishe kulisoma jengo.

Pwani Asilia

Dogo, mgeni hakusafiri kutoka Ulaya kuja kusikia habari za lipu. Mpe minyororo. Wote tunakula hapo.

Fundi Chokaa

Marahaba mwanangu. Huyo aliyenitangulia usimsikilize, ingawa najua atapata wateja.

Shika mwaka wako, usiuachie. Ukiwa na 1897 mkononi hadithi zote tatu zinaanguka zenyewe, wala huna haja ya kugombana na mwenzako.

Gavana kwanza. Pwani hii ilikuwa ya Sultani wa Unguja. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iendeshe utawala na forodha. Agosti kampuni ikataka kupandisha bendera yake Pangani, watu wakakataa, na pwani nzima ikawaka: ndiyo vita vya Abushiri. Kampuni ilishindwa, serikali ya Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Sultani akalipwa mark milioni 4, na kuanzia 1 Januari 1891 pwani ikawa mali ya serikali ya Ujerumani. Mwaka huohuo wa 1891 makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam, kwa sababu kule kuna bandari yenye kina na hapa kwetu maji yakipwa jahazi linalala ubavu. Sasa piga hesabu. Boma lilipoanza kazi, makao makuu yalikuwa yameshahama miaka 6 nyuma. Enzi za makao makuu Wajerumani walifanyia kazi kwenye ile nyumba ya Liku, na waliitumia hadi Boma lilipokuwa tayari. Ukitaka kuonyesha utawala wa mwanzo, wapeleke Liku.

Emin Pasha alianguka usiku wa 4 Desemba 1889. Yeye na Stanley, msafiri aliyekwenda kumtoa bara, walikuwa ndio kwanza wamefika, wakaandaliwa karamu, na katikati ya karamu yeye, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akatoka kwenye uwazi wa ghorofani akidhani ni njia. Alipasuka fuvu lakini hakufa. Akauguzwa hapahapa Bagamoyo, Stanley akaondoka bila yeye, na baadaye akaingia kwenye utumishi wa Wajerumani. Yote hayo miaka 8 kabla ya Boma. Hakuna anayeanguka kutoka kwenye ghorofa ambayo haijajengwa.

Minyororo sasa, na hapa nenda taratibu maana wageni wameshatokwa na machozi na hawapendi kurudishiwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini Juni 1873. Magendo yaliendelea baada ya hapo, tena kwa miaka mingi, na Bagamoyo haiwezi kunawa mikono. Lakini jengo la 1897 halikuwa bohari ya watumwa wa kusafirishwa. Lilikuwa ofisi ya wilaya. Na chumba kigumu cha chini kwenye ofisi ya namna hiyo si kitendawili: serikali iliyokuwa ikikusanya kodi kwa rupia za fedha, tena nzito kuzibeba, ilihitaji mahali pa kuzifungia. Ilihitaji na mahabusu pia.

Kinachoniudhi ni kwamba ukweli una uzito kuliko uongo wake. Mjerumani hakuufuta utumwa. Aliuacha uendelee ndani ya nyumba na mashamba ya watu, akaweka utaratibu: mtumwa aliyejikomboa kwa fedha, au aliyekombolewa na mtu mwingine, alipewa hati ya uhuru na ofisi ya wilaya. Mwaka 1904 ikatoka amri kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Kufutwa kabisa kulikuja 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo msimamishe mgeni wako mbele ya Boma umwambie: fikiria mtu amedunduliza rupia moja moja, anasimama kwenye foleni na mwenye mali aliyemmiliki, karani anaandika jina lake, anaondoka na karatasi. Hiyo ndiyo habari ya utumwa inayostahili ofisi ya wilaya. Mgeni asipotoa leso hapo, basi.

Na kodi. Amri ya kodi ya nyumba kwa koloni lote ilitolewa Novemba 1897. Boma na kodi ni mapacha. Mwenye nyumba ya mjini alilipa, mwenye kibanda cha makuti naye alilipa, na asiyekuwa na rupia akatafute mzungu wa kumfanyia kazi, ndivyo ilivyokusudiwa. Rupia moja ilikuwa na pesa 64, na 1904 wakabadilisha ikawa hela 100. Chini ya bwana wilaya kulikuwa na liwali, yaani mkuu wa mji, maakida wa kusimamia kundi la vijiji na majumbe wa kijiji, wengi wao watu wa pwani hiihii, na barua zao ziliandikwa kwa Kiswahili. Mashauri yalisikilizwa hapo. Adhabu pia: maboma ya Wajerumani yalijulikana kwa hamsa ishirini, viboko 25, na kiwango hicho chenyewe ni amri ya 1896 iliyoletwa kupunguza. Kupunguza! Ukifika uani sema hilo, halafu nyamaza kidogo.

Historia imetosha, jengo lenyewe ndilo kazi yangu. Nimeshika mwiko tangu nikiwa mdogo chini ya mjomba wangu aliyekuwa mchoma chokaa, kwa hiyo utanisamehe nikirefusha.

Tazama umbo lake kwanza. Mabawa matatu yanauzunguka ua, mfano wa herufi U, ghorofa moja juu. Usiseme "wametaka kupendeza". Jengo la namna hii lina upana wa chumba kimoja tu kila upande, na mbele ya vyumba inapita baraza. Chumba kinapata madirisha pande mbili, upepo wa bahari unaingia huku na kutokea kule. Baraza ndiyo njia ya kupita, ndiyo kivuli cha ukuta, na ndiyo mahali pa watu wenye shida kusubiri. Wajerumani walijifunza hilo hapahapa, hawakuja nalo.

Kisha inua macho. Yale meno ya ukuta juu, kama ya ngome ya kivita. Wageni hudhani ni ya kujihami. Sasa shusha macho: mbele kuna matao wazi. Mtu anayeogopa kushambuliwa hajengi ngome yenye matao wazi. Meno yale ni ya kutisha kwa macho. Abushiri alikuwa hajatimiza miaka 10 tangu anyongwe, na dola mpya ilitaka ionekane kuwa imekaa kwa nguvu; wakati huohuo ilitaka ionekane mrithi wa Sultani, ndiyo maana wakachukua matao na meno ya majengo ya pwani badala ya kujenga kama kwao.

Meno hayo yana ubaya wake, na huu mama mhandisi angeupenda. Ukuta wa juu unaolificha paa unanasa maji ya mvua nyuma yake. Mdomo wa kutolea maji ukiziba kwa majani au kwa kiota cha ndege, maji yanatafuta njia ndani ya ukuta. Ukuta wa matumbawe ukilowa kutoka juu unakuwa mzito na udongo wa ndani unalainika. Sehemu ya Boma ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya mvua kubwa, na tangu hapo limekuwa likikarabatiwa kwa vipindi. Watu hulaumu mvua. Mvua ilinyesha pwani nzima.

Ndani, pima upana wa vyumba kwa hatua. Nyumba zetu za mawe zilitandazwa boriti za mikoko juu ya kuta, na boriti nzuri inakupa chumba cha mita 2 na nusu, ukibahatika 3. Ndiyo maana nyumba za zamani za Lamu, Unguja na hapa zina vyumba virefu vyembamba. Ukiingia jengo lolote la pwani ukakuta chumba kipana kuliko hivyo, inua shingo utafute mbao za kupasuliwa au mihimili ya chuma. Chuma hicho kwenye majengo ya Kijerumani kilikuja na meli, na ndicho kinacholeta balaa leo, maana kikishika kutu kinavimba na kupasua kile kilichokizunguka. Boriti nayo mara nyingi huoza mahali pamoja, ncha iliyozama ukutani. Katikati unaweza kuikuta ngumu kama siku ilipokatwa.

Na mawe. Kuna jiwe la kuchimba ardhini, gumu, lina matundu, halichongeki vizuri. Hilo ndilo mwili wa ukuta. Na kuna tumbawe linalotolewa baharini likiwa laini, linachongwa lingali bichi kisha linakauka kuwa gumu. Hilo ni la nakshi, matao na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vipande vinashikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ni tumbawe hilohilo: unapanga magogo, juu yake unarundika matumbawe, unatia moto, usiku kucha linanguruma. Asubuhi lile jiwe ni jepesi limegeuka jeupe. Unalizima kwa maji, linachemka lenyewe bila moto, kisha unaliacha shimoni lilale. Mjomba alikuwa hatoi chokaa yake shimoni kabla ya miezi, na mteja mwenye haraka alikuwa anatukanwa.

Lipu ya chini nitaijibu kesho, betri inaisha.

Mkandarasi Daraja la Tano

Mzee shikamoo. Historia nimeipenda. Ila kwenye chokaa naomba nipinge kwa heshima.

Mimi ni mtu wa saiti. Chokaa ya kuzimwa shimoni miezi, nani anaiuza leo? Matumbawe kuyatoa baharini hairuhusiwi, mikoko kuikata hairuhusiwi bila kibali. Mradi wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, fedha isipotumika inarudi. Unapewa eneo la kazi Machi, masika inaanza, unaambiwa piga lipu ya chokaa ambayo haitaki mvua wala jua kali. Nitamaliza lini? Saruji inashika siku ya kwanza, ina nguvu mara nyingi zaidi, inauzwa kila kona. Kuta zile zimechoka, zinataka kitu cha kuzibana. Funga mkanda wa zege, weka nondo, piga lipu ya saruji, paka rangi. Limesimama.

Fundi Chokaa

Marahaba. Kwenye kalenda uko sahihi kabisa, na nimeona kazi nzuri ikiharibiwa na tarehe hiyo ya Juni kuliko na mchwa. Kwenye nguvu hapana.

Nguvu si dawa ya ukuta ule. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji. Unayavuta kutoka ardhini kila siku, na maji hayo yana chumvi, maana tuko hatua chache kutoka baharini na mchanga uliojengea ulikuwa na chumvi yake pia. Ukuta ukiwa na lipu ya chokaa, maji yanapanda kidogo, yanatoka kupitia lipu, yanakauka na upepo. Chumvi inabaki usoni, lipu inachakaa, baada ya miaka unaikwangua na kupiga nyingine. Lipu ndiyo inayoliwa ili jiwe lisiliwe. Ndiyo kazi yake.

Ukipiga saruji umeziba mlango. Maji hayaachi kupanda kwa sababu wewe umepaka rangi. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya lipu yako. Ikiganda inatanuka, inasukuma. Siku moja unasikia bao la lipu limedondoka, unaliokota, unakuta mgongoni limeng'ang'ania ganda la jiwe la zamani. Saruji haikubanduka peke yake. Imeondoka na ukuta. Kijana, hilo ndilo jibu la mama mhandisi: lipu inakufa usawa wa kiuno kwa sababu maji ya ardhini yanaishia hapo. Juu ni pakavu, ndiyo maana pameshika. Ukiona baka limeanza kupanda kufika kifuani, uliza ni lini walipiga saruji pale chini.

Nondo na mkanda wa zege nazo, ukuta laini ukiubana kwa kitu kigumu, ardhi ikicheza kidogo kile kigumu hakichezi, kinachokubali ni jiwe. Utapata ufa uliolala sambamba na mkanda wako, umenyooka kama umepigwa rula.

Kuhusu vifaa: chokaa ya unga ya kiwandani, ile ya kuzimwa, inanunulika. Iloweke kwenye pipa uifunike maji, uiache ilale mwezi au zaidi. Si sawa na ya mjomba lakini inapumua. Matumbawe mapya huyahitaji mengi: jengo lililoanguka limekuachia mawe yake, yachambue, yarudishe. Lipu ipigwe nyembamba tabaka kwa tabaka, iloweshwe na kufunikwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijavuta hewa. Na kabla hujagusa lipu yoyote, panda juu uzibue midomo ya maji. Kazi hiyo haina gharama na haipigiwi picha, ndiyo maana inasahauliwa.

Ukitaka ushahidi wa umri, nenda Kaole. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13. Hakuna gramu ya saruji aliyoijua yule aliyeujenga.

Mama wa Magomeni

Hamjambo wanangu. Nilikuwa karani wa serikali hadi nilipostaafu, acheni niongeze la sheria, maana mkandarasi anazungumzia "piga, paka" kama nyumba ya shemeji yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964. Mle ndani kuna mwaka mmoja wa kukumbuka: 1863. Jengo lililojengwa kabla ya hapo linalindwa na sheria kwa umri wake tu. Kijana, Ngome Kongwe ni ya 1860, imeingia. Boma ni la 1897, halikuingia kwa umri. Majengo ya Wajerumani yote nchini yako upande huo wa mstari, kwa hiyo yanahitaji kutangazwa na Waziri. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi 1983, na hapo ndipo Boma linapopata kinga yake. Huwezi kuondoa jiwe wala kubadili dirisha bila idhini ya Idara ya Mambo ya Kale. Milango ya nakshi ina kipengele chake: iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa hata ikiwa kwenye nyumba ya mtu binafsi. Mgeni akikuuliza mlango ule unauzwa bei gani, mwambie hivyo na umwondoe hapo taratibu.

Halafu naona mnazungumza kana kwamba Boma lilikufa Mjerumani alipoondoka. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916 wakaingia na madaftari yao, DC, yaani bwana wilaya wao, akakaa palepale. Uhuru ukaja, tukakaa sisi. Mimi Boma ninalolikumbuka lina benchi refu barazani limelainika kwa makalio ya watu, tarishi mwenye sauti kubwa kuliko bwana wake, na mama zetu wamekaa chini na vikapu wakingoja kugongewa mhuri. Baba yangu alikuwa anavaa kanzu safi siku ya kwenda kulipa kodi ya kichwa, ile iliyofutwa 1969. Hakuwa anaipenda kodi, lakini Bomani huendi na nguo ya shamba. Sisi watoto tulizuiwa kukimbia barazani, na tulikimbia. Watu wa Bagamoyo wameandikishwa, wameshtakiwa na wamepatanishwa mle. Mgeni akiambiwa Mjerumani tu, ameambiwa kipande kidogo sana.

Kijana wa Dunda

Mama shikamoo, Mzee shikamoo tena. Nimeandika yote daftarini. Hilo la benchi naliweka moja kwa moja, bila jina lako.

Maswali mawili ya mwisho. Mgeni akitaka kuona boma lililookolewa, afananishe, nimwelekeze wapi? Na pili, nitajuaje mimi mwenyewe pale ukutani kwamba hii ni saruji na hii ni chokaa? Zote zimepakwa rangi nyeupe.

Mama wa Magomeni

Marahaba. La kwanza: Mikindani. Boma lao ni la 1895, miaka miwili kabla ya letu. Makao makuu ya wilaya yalipohamia Mtwara likaachwa likachakaa, likaja kukarabatiwa, sasa ni hoteli. Wapo wanaonung'unika kwamba mwenyeji hawezi kuingia bila kununua soda. Mimi nasema paa lake halivuji. Akitaka kuona lililoachwa kabisa, Kilwa Kivinje.

Na kwa upande wa Kenya kuna Ngome ya Lamu, ambayo ilikuwa gereza hadi 1984, kisha ikapewa Makumbusho ya Taifa. Yetu ya hapa nayo ilikuwa gereza. Magereza yameokoa kuta nyingi za pwani, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuzibomoa.

Pwani Asilia

Mzee, na mimi nimesoma hadi mwisho. Ile ya foleni ya hati ya uhuru naiazima.

Fundi Chokaa

Azima. Ila iseme kama ilivyo, usiiongezee mnyororo.

Kijana, chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya vinyozi. Puliza mahali ambapo rangi imechubuka. Chokaa inakunywa palepale, doa linakuwa jeusi na kuzama. Saruji maji yanateleza kwanza, yanashuka michirizi. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole: lipu iliyoachana na ukuta inalia kitupu, iliyoshika ina sauti butu. Fanya hivyo asubuhi mapema jua likiwa linapiga pembeni, utaona na vimbe zenyewe zilivyotokeza. Mpe mgeni chupa apulize mwenyewe, watu wazima wanapenda kuliko watoto.

Anza Liku, umalize habari ya makao makuu huko. Njoo Boma ukiwa na kodi, hati na viboko. Benchi la Mama liseme ukiwa barazani, kivulini, maana hapo watataka kukaa. Mdomo wa maji waonyeshe mkiwa nje mnaondoka. Na upande wowote utakaokuta umetegemezwa kwa magogo, usigonge.